Mbuzi wangu hali majani: kwa wewe unayeanza kuchora kanga

Mchoro wangu wa kwanza wa kanga ulikataliwa kwa sentensi moja. Jina, yaani yale maneno ya kanga, niliandika MBUZI WANGU HALI MAJANI, na kwenye mji, ile sehemu ya kati inayozungukwa na pindo, katikati kabisa, nikachora mbuzi mnene amegeuza uso, hataki majani aliyotupiwa. Nilijiona fundi. Tajiri aliyeniagiza akautazama, akasema, “Kijana, nimeshasoma. Unanisomea tena?”

Ilinichukua siku kadhaa kukumbuka kwamba nyumbani tuna mbuzi mwingine, wa kukaliwa na kukunia nazi. Nikamfuta mnyama, nikaweka mbuzi ya nazi, meno mbele, na pembeni kifuu kilichokwanguliwa kikabaki kitupu. Jina sikuligusa. Lakini sasa lilikuwa na makali: mimi sidanganywi kwa vya bure, kwangu uje na nazi.

Maneno yenye sura mbili tunayo tele: paa, kaa, ua, tembo, chungu, kata. Kinachowaumbua wachoraji wengi ni ngeli. Ua hili linanuswa, ua huu uko nyuma ya nyumba. Ukishaandika “hili” au “huu” fumbo limevuja. Basi ama liache neno bila kiambatisho cha kulifichua, ama ufanye kama nilivyoangukia mimi: maneno yamvute msomaji kwa mnyama, picha imrudishe jikoni. Ningeandika “mbuzi yangu”, mchezo ungekwisha kabla kanga haijakunjuliwa. (Na “hali” nayo ina mambo yake. Yupo aliyeisoma kama hali ya hewa, akaniuliza majani yana hali gani. Msomee mtu jina lako kwa sauti, halafu mpe alisome mwenyewe.)

Usidhani lazima kila kitu kisemwe kwa herufi. Kisutu cha maharusi, chekundu, cheusi na cheupe, kwa desturi hakina jina, na hakuna mama wa Pwani asiyejua kinasema nini.

Kuna jambo ambalo kompyuta haitakuonyesha. Jina hukaa chini ya mji, juu kidogo ya pindo. Kanga ikifungwa kiunoni, mara nyingi jina huangukia nyuma, kwa hiyo anayesoma yuko nyuma ya mvaaji. Mke mwenza, jirani, wifi. Akigeuka na kuulizwa, mvaaji anajibu, “Mimi nimependa rangi tu.” Mwachie mlango huo. Ukichora sura ya mtu anayenyooshewa kidole, umemfungia, na kanga hiyo ataivalia ndani tu. Tena mji hukunjwa ukifungwa, kwa hiyo picha moja ya katikati hupotea kwenye mikunjo. Nilizirudia mbuzi ndogondogo kwenye pindo, pande zote nne, ili hata ile ya pili ya doti, ikitupwa begani, ibaki na japo moja ya kuonekana. Rangi sitazizungumzia, kila soko lina zake.

Mchoro wa pili nilimpelekea tajiri yule yule. Hakucheka. Alimwita mkewe kutoka stoo. Mama akasoma jina, akaitazama mbuzi, akasoma tena, kisha akamgeukia mumewe: “Hii inamsema nani?”