Tundu la milimita tano: maswali yenu kuhusu vifaa vya upasuaji wa matundu madogo

Tangu niandike kuhusu koleo la kushikia utumbo katika upasuaji wa matundu madogo, yaani ule wa kupitisha kamera na vifaa virefu kwenye matundu madogo ya ukuta wa tumbo, maswali yamenimiminikia. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na yale ya "kifaa kipi ni bora kuliko vyote" nimeyaacha kwa sababu hayana jibu.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Kwenye sanduku la mazoezi nilisogeza mkono kulia, ncha ya kifaa ikaenda kushoto. Kwa nini hamtengenezi kifaa kinachofuata mkono?

Kwa sababu ukuta wa tumbo ni egemeo na kifaa chako ni nyenzo, ile ile uliyosoma kwenye fizikia. Kikishapita kwenye tundu kinabaki na mienendo minne tu: kuingia na kutoka, kujizungusha, kuinama juu na chini, kuinama kulia na kushoto. Kufungua na kufunga taya ni nyongeza. Mkono ulio huru hewani una sita.

Wanafunzi wengi husahau kwamba uwiano wa nyenzo hii unabadilika kila dakika. Kifaa cha kawaida kina urefu wa sentimita 33 hadi 36. Kikiwa nusu ndani na nusu nje, mkono ukienda sentimita moja, ncha nayo inaenda sentimita moja. Kikizama robo tatu, ncha inaenda mara tatu zaidi, na mtetemo wa vidole vyako unakuzwa vivyo hivyo. Kikiwa kimeingia kidogo tu, mkono unapiga kasia huku ncha ikijongea kama konokono.

Unaweza kuongeza viungo vya kurudisha mwelekeo, na wapo waliojaribu. Lakini kila kiungo huleta ulegevu, msuguano na kona ya damu kujificha. Ubongo hujifunza kugeuza kulia na kushoto baada ya mazoezi. Kiungo kilicholegea hakijifunzi kitu.

Mhandisi, mimi ni daktari wa upasuaji na navaa glavu namba sita. Baada ya saa mbili kidole gumba kinakufa ganzi. Tatizo ni mikono yangu?

Hapana, daktari, tatizo ni letu. Mpini wa pete tuliurithi kwenye mkasi, na mkasi haukukusudiwa kushikwa kwa saa mbili huku mkono umeinuliwa. Ukingo wa pete unabana neva inayopita ubavuni mwa gumba, ndiyo maana ganzi inaanzia hapo.

Kuna jambo la pili, nalo halionekani kwa macho. Nguvu ya vidole husafiri kwenye fimbo nyembamba ndani ya bomba, kisha kwenye bawaba ndogo sana, na sehemu kubwa hupotea njiani kwa msuguano. Mara nyingi upana wa mpini taya zikiwa wazi hupimwa kwa mkono mkubwa. Kwa hiyo mwenye mkono mdogo huanza kukamua vidole vikiwa vimetanuka, mahali ambapo misuli haina nguvu.

Kwa sasa omba kitanda kishushwe hadi viwiko vikunjwe kati ya nyuzi 90 na 120, maana vifaa virefu huinua mabega bila mtu kugundua. Inapowezekana, shika mpini kwa kiganja badala ya kuingiza gumba kwenye pete. Mimi siku hizi nikipewa kazi ya koleo jipya sianzi na ncha. Naomba kwanza kupima mikono ya watakaolishika, nikianza na mdogo kuliko yote.

Taya laini zinawezaje kuchana utumbo?

Taya za bawaba hufunga kama mdomo wa mamba: nyuma hubana kabla ya mbele. Utumbo ukiingia hadi kwenye kona ya nyuma, nguvu iliyopaswa kusambaa kwenye taya nzima inaangukia ukanda wa milimita chache, na shinikizo ni nguvu kugawanya kwa eneo. Ndiyo sababu makoleo yasiyochubua yana kingo za mviringo na madirisha katikati ya taya ili nyama ipate pa kutunia. Mchoro mzuri huacha pia mwanya kidogo upande wa bawaba.

Chuma gani kinatumika?

Bomba mara nyingi ni chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316L. Makali ya mkasi yanahitaji chuma kigumu zaidi, mfano 420. Panapotakiwa kitu kinachopinda kisha kikarudi umbo lake, tunatumia nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani: hunyooka tena baada ya kuvutwa karibu asilimia 8, wakati chuma cha kawaida hakifiki hata asilimia moja.

Sisi tunaoosha vifaa hatuulizwi kamwe. Kwa nini mnatengeneza vitu visivyosafishika?

Swali hili limenichoma, na nalistahili. Miaka ya nyuma nilibuni koleo nililojivunia, la viungo viwili, linapinda vizuri. Nililipeleka kwa muuguzi mzoefu wa chumba cha kutakasia vifaa. Hakutazama ncha. Aliuliza, "Linafunguka vipi?" Halikufunguka. Akaniambia niingize brashi, nikakosa hata pa kuanzia. Koleo lile liko kwenye droo yangu hadi leo.

Tatizo lenyewe ni hili. Gesi inayojazwa tumboni ili kupata nafasi ya kufanyia kazi inasukuma damu iingie ndani ya bomba lenye kipenyo cha milimita tano na urefu wa mkono. Damu ikikauka, protini hushika chuma kama gundi. Mvuke wa nyuzi 134 hautakasi vizuri kilicho chini ya gamba la uchafu, kwa kuwa mvuke wenyewe haukigusi. Kwa hiyo kifaa cha kutumika tena kinatakiwa kifunguke bila bisibisi, kwa kawaida vipande vitatu: mpini, ganda la nje na fimbo yenye taya. Kisipofunguka kiwe na mdomo wa kupitishia maji kwa shinikizo. Na vipande vikirudishwa vibaya vikatae kufunga, visijifanye vimekaa sawa. Hilo la mwisho wabunifu wengi hulipuuza.

Sindano ya kuingizia gesi huingia bila kuona. Mbona haitoboi utumbo?

Wakati mwingine hutoboa, tusidanganyane. Lakini ni kifaa cha werevu. János Veress, daktari wa Hungaria, aliibuni miaka ya 1930 kwa wagonjwa wa kifua kikuu, ili kuingiza hewa kando ya pafu. Ndani ya sindano kali kuna fimbo butu yenye springi. Ukuta mgumu unairudisha nyuma, makali yanakata. Ukuta ukiisha, springi inaitupa mbele na ncha inakuwa butu. Baadaye inapitishwa kaboni dioksaidi, gesi isiyoshika moto na inayoyeyuka upesi kwenye damu, hadi shinikizo la takriban milimita 12 hadi 15 za zebaki.

Nimesikia kifaa kinaweza kumuunguza mgonjwa mahali kamera haioni. Ni kweli?

Kweli. Vifaa vya kuchoma kwa umeme huvikwa ganda la plastiki, na kamera huona ncha tu. Ganda likipata ufa katikati, umeme unatokea hapo na kugusa utumbo pembeni ya picha. Ufa mdogo ni hatari kuliko mkubwa, kwa kuwa umeme wote unabanwa kwenye nukta moja. Baadhi ya wabunifu huweka matabaka mawili ya rangi tofauti, mkwaruzo ukifika la ndani rangi inajitokeza. Napenda suluhisho hili kwa sababu halihitaji betri.

Roboti si imemaliza haya yote?

Imemaliza mengine. Mfumo wa da Vinci, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2000, una kifundo cha mkono ndani ya tumbo, unachuja mtetemo, na kompyuta hugeuza mwelekeo ili kulia iwe kulia. Lakini kifundo hicho huvutwa na kebo nyembamba zinazopinda kwenye kapi ndogo mno na kuchoka, hivyo kila kifaa kina idadi ya matumizi na kikiimaliza mashine hukikataa. Hisia ya kugusa ilikosekana kwa zaidi ya miaka 20, mpaka toleo la tano la mwaka 2024 lilipoleta vifaa vinavyopima nguvu. Egemeo nalo halijaondoka: mkono wa roboti umeundwa uzunguke kwenye nukta ile ile ya ukuta wa tumbo.

Nataka kuanza kubuni. Nianzie wapi?

Kata boksi matundu mawili, weka simu ndani kama kamera, tazama kwenye skrini nyingine, na hamisha punje za maharage kwa koleo refu. Fanya hivyo mwezi mzima kabla ya kuchora chochote. Wiki ya mwisho mpe rafiki ashike simu, uone kazi inavyokera macho yako yakiwa mkononi mwa mtu mwingine.