Mume wangu anataka nitoke kwenye grupu la wagonjwa wa kisukari

*Shangazi, shikamoo. Niko Makete, nina miaka 26, nachoma insulini tangu nikiwa darasa la saba. Mwaka jana niliingizwa kwenye grupu la WhatsApp la wenzangu wa kisukari, wengi wako Dar. Wamenifundisha mengi, hata kutunza dawa kwenye chungu chenye mchanga mbichi dirishani. Sasa mume wangu anasema simu inayolia saa nane usiku ni ya hawara, nijitoe. Kwa mawazo hayo sukari iko juu wiki ya pili. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, kamwene.

Grupu usitoke. Saa nane hiyo umeamka jasho linakutoka, mikono inatetemeka, sukari imeshuka. Mganga wa zamu yuko mbali, mumeo anakoroma. Anayekujibu ni mtu aliyewahi kutetemeka vilevile: koroga vijiko vitatu vya sukari, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Mimi na presha yangu ya miaka mingi sikuwahi kupata mtu wa hivyo, na nakuonea wivu kidogo.

Mumeo mpe simu aisome, usiku mzima akitaka. Atachoka na habari za vipimo na ugali wa dona kabla hajamwona huyo hawara. Na umfundishe vile vijiko vitatu, maana grupu halilali kitandani kwako. Mwambie pia kwamba akikukuta umezimia asikumiminie chochote mdomoni, akukimbize hospitali.

Ila barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya hicho chungu. Dar chungu kinaokoa dawa na joto. Wewe uko Makete, mwezi wa saba, asubuhi majani ya viazi yameungua kwa baridi, na dawa umeilaza dirishani! Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima machoni. Mawazo nayo hupandisha sukari, lakini mimi namshuku huyo chungu kuliko mumeo.

Chupa hiyo usiichome tena, wala usiruke sindano. Nenda kliniki leo leo, wakupime na wakupe nyingine. Ukirudi nayo, ifunge kwenye kitambaa, weka kabatini chumba cha ndani, mbali na dirisha na mbali na jiko. Kisha waandikie wa Dar huko kwenu kukoje, huenda yumo na mwenzako wa Njombe mwenye chungu dirishani.