Mteja hunyooshwa, hafanyiwi unyooshaji

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkandaji, niko Tanga. Mafunzoni tulielezwa kuna kunyoosha kwa namna mbili: mteja kujinyoosha mwenyewe, na mimi kumshika nikamvuta taratibu yeye akiwa amelegea. Sasa naandaa kadi ya huduma zangu, na mwenzangu amenishauri niandike: "Huduma ya kufanyiwa masaji na kufanyiwa unyooshaji tendwa wa viungo." Je, hicho ni Kiswahili sahihi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Sarufi haijavunjwa, kila neno limekaa kwenye ngeli yake. Hata hivyo nakuomba uichane kadi hiyo kabla haijafika kwa mchapaji.

Kinachonikera ni hilo "kufanyiwa". Limeingia kila mahali kama mchwa. Watu hawachunguzi tena, wanafanya uchunguzi. Hawazungumzi, wanafanya mazungumzo. Kitenzi kilichokuwa na nguvu zake kinageuzwa jina, kisha "kufanya" anaitwa aje kulibeba. Tumerithi lugha ambayo kitenzi chake kinajua nani katenda na nani katendwa, halafu tunaandika kama watu wasio na kitenzi hata kimoja.

Kitazame hicho "kunyoosha". Kimetoka kwenye "nyooka", kama "angusha" ilivyotoka kwenye "anguka" na "chemsha" kwenye "chemka". Yaani utendeshaji umo tayari tumboni mwake: kuna kitu kinanyooka, na kuna mtu anayekifanya kinyooke. Halafu tazama kinavyozaa. Mteja anajinyoosha. Unamnyoosha. Ananyooshwa. Wachezaji wawili uwanjani wananyooshana. Swali lako lote la namna mbili limekwisha hapo, kwa "ji" upande mmoja na "w" upande wa pili. Hilo "tendwa" la mwenzako ni istilahi ya darasa la sarufi. Mtu mwenye kiuno kinachouma halimhusu.

Hata ile mbinu ya kumtaka mteja asukume kwanza ndipo avutwe, iliyotokana na kazi ya daktari Mmarekani Herman Kabat miaka ya 1940, haihitaji maneno mazito. Mteja amelala chali, umeshika kisigino chake, mguu uko juu. Unamwambia: "Sukuma mkono wangu. Haya, legeza. Sasa nakunyoosha." Bibi wa miaka 70 ataelewa bila kuuliza.

Nije kwenye "viungo". Msafiri akishuka basi kutoka Dar es Salaam akasema ananyoosha viungo, simgusi. Kwake viungo ni mikono na miguu, na ndivyo watu wanavyosema. Wewe, fundi, sema kwa usahihi zaidi. Kiungo, kwa asili yake, ni kinachounga, ndiyo maana neno hilo limefika mpaka kwenye mchuzi na katikati ya uwanja wa mpira. Mwilini ni pale mfupa ulipoungana na mfupa. Kinachonyooshwa ni msuli. Kiungo hukunjwa, hukunjuliwa, huzungushwa.

Na hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, maana kuna utajiri unaotupwa. Mgonjwa akija akakwambia, "Goti langu halikunjiki," anasema hawezi kuchuchumaa. Akikwambia, "Goti langu halikunjuki," anasema limebaki limepinda, hawezi kuusimamisha mguu wima. Irabu moja tu, "i" au "u", na umejua goti limekwamia wapi kabla hujaligusa. Sasa, kwa lugha kama hiyo ya mwenzako, msomaji ataambiwa "goti lina changamoto ya unyumbufu". Changamoto gani? Limegoma kukunjika au limegoma kukunjuka? Mkandaji anayeandika hivyo amelitupa swali la kwanza ambalo angepaswa kumuuliza mteja wake.

Kuhusu "masaji", nimechoka kupigana nalo. Limeshazoeleka, liko kwenye vibao vya kila mji, acha likae. Ila sikubali sababu ninayopewa ninapouliza kwa nini "kukanda" limekimbiwa. Naambiwa kukanda ni kwa unga wa chapati! Basi wajue kwamba hao Wazungu wanaoigwa hawakuuona unga kuwa aibu. Ule mkono wa kuminya na kukusanya nyama, ambao vitabu vya masaji vinauita petrisaji, kwa Kifaransa ni kukanda, ule ule wa mwoka mikate. Na neno "masaji" lenyewe, wapo wanaolihusisha na neno la Kiarabu la kugusa, na wapo wanaolihusisha na neno la Kireno la kukanda donge. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, na sijapata kumsikia bibi yeyote akisema mzazi "amefanyiwa ukandaji". Amekandwa. Mguu uliovimba hukandwa. Kiganja kinashuka kwa uzito, vidole vinakusanya, vinaachia: unga au paja, mwendo ni huo huo, na neno ni hilo hilo kwa haki.

"Kuchua" nalo ni letu, la mkono wenye mafuta unaosugua kwa nguvu. Najua "kujichua" limepewa maana ya faraghani, na ukiona haya kuliandika kwenye kadi nakuelewa. Lakini timu zetu za mpira zina mchua misuli benchi, anatajwa redioni mchana kweupe, na hakuna anayeziba masikio. Liandike. "Kusinga" waachie wanaompaka bi harusi singo. Hiyo ni kazi nyingine.

Kadi yako basi isome hivi: "Nakanda, nachua na kunyoosha misuli. Nakunja, nakunjua na kuzungusha viungo vilivyokakamaa." Na chini yake, kwa herufi zinazoonekana: "Aliyeteguka aanzie hospitali."