Ukihisi Mungu Amekuacha, Mwambie Mwenyewe

Mdogo wangu alipofariki niliendelea kwenda kanisani Mbagala kama kawaida. Nikisalimiwa "Bwana asifiwe" naitikia "Amina" na tabasamu juu, lakini nikipiga magoti usiku naona kama naongea na bati la paa. Sala nzuri nzuri zilinishinda kabisa.

Kilichonivusha ni Zaburi ya 13. Kwenye daladala ya Kariakoo, nimebanwa, pochi kifuani, nasema chini chini: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Konda anagonga bodi, mimi nalalamika na Mungu wangu.

Kwa hiyo nawe lalamika. Si makufuru. Yesu msalabani alitamka maneno ya Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Alihisi ameachwa, na bado alikuwa akiongea na Baba huyo huyo. Watu hupenda kutupeleka Zaburi ya 23. Nenda na ya 88. Ile haigeuki kuwa shukrani, inaishia gizani, na imo kwenye Biblia.

Maneno yakigoma, usijilazimishe mkesha. Nabii Eliya alipoomba afe chini ya mti uitwao mretemu (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria, alimwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate na maji. Akala, akalala, akaamshwa akala tena. Nawe kula ugali wako ulale. Na kama usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, au unawaza kujidhuru, mwambie mchungaji kisha nenda hospitali. Muhimbili wapo madaktari wa afya ya akili. Kumwona daktari si kukosa imani.

Anayekuambia imani yako ni haba, ongeza sadaka upate muujiza, muage kwa heshima.

Heri jumuiya. Mama mmoja wa jumuiya yetu alinikuta uani nachambua mchicha, akavuta kigoda, akachambua nami hadi ungo ukaisha. Ndipo akasema, "Wiki hii wewe nyamaza tu mwanangu, tutakuombea sisi." Nikanyamaza kweli.

Mama Teresa wa Kolkata naye, barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zinaonyesha aliishi miaka mingi bila kuhisi uwepo wa Mungu, na hakuacha kusali.

Leo usiku anza na hiyo Zaburi ya 13, kwa sauti. Mstari wa 5 unasema, "Nami nimezitumainia fadhili zako." Ukiona ukiusoma utakuwa unadanganya, ishia wa 4, sema amina, ulale. Mimi niliishia hapo kwa miezi.