Kichekesho cha maneno, filamu isiyo na sauti

SWALI: Un chapeau de paille d'Italie (yaani Kofia ya Majani ya Italia) ni tamthilia ya Kifaransa iliyojaa maneno. Mwongozaji wa filamu René Clair aliigeuzaje kuwa filamu bubu ya kuchekesha?

JIBU: Kisa cha waandishi wa tamthilia hiyo, Labiche na Marc-Michel, cha mwaka 1851, kilimsaidia: siku ya harusi, farasi wa bwana harusi anatafuna kofia ya mke wa mtu, na lazima ipatikane nyingine ya aina hiyohiyo. Hayo yanaonekana kwa macho.

Maneno ndiyo yaliyokuwa kazi. Katika filamu bubu, kila bango la maandishi linalowekwa kati ya picha husimamisha mwendo, na kicheko hupoa. Kwa hiyo Clair aliyapunguza mno. Badala yake kila mhusika alipewa kero yake: baba mkwe viatu vinavyombana, mjomba kiziwi pembe ya kusikilizia iliyoziba, mwingine glovu iliyopotea mwenziwe. Kero hizo zinarudi tena na tena, na kila zikirudi zinachekesha zaidi. Huo ni ustadi mkubwa kweli.

Filamu ilitoka 1928, lakini Clair alikihamishia kisa mwaka 1895, mwaka ambao ndugu Lumière walionyesha sinema Paris kwa watazamaji waliolipa kiingilio.