Funika picha kwanza, dada

Dada wa Tabata, umeuliza shule ipi ya Kiingereza na kishikwambi kipi kwa mwanao wa miaka 6 ambaye "tayari anasoma kadi 40". Chukua kadi ya MEZA, funika picha, umpe. Kisha mwandikie ZEMA. Akikutazama usoni badala ya kutazama herufi, hasomi huyo, amekariri maumbo.

Ndivyo nilivyodanganywa na mwalimu wa chekechea: "Mkaririshe maneno mazima, herufi zitakuja zenyewe." Haziji! Mwaka mzima wa mtoto ulipotea, na hasira haijaniisha, kwa sababu tulikuwa tukimlipa mtu anayepaswa kujua.

Ubongo hauzaliwi na sehemu ya kusoma. Maandishi yenyewe yana miaka kama 5,000 tu. Kwa anayejifunza, kipande kidogo cha kushoto, chini kuelekea kisogoni, hupewa kazi mpya ya kushika herufi na kuziunga na sehemu za sauti anazotumia kuongea. Mwaka 2015 Bruce McCandliss, mtafiti wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake waliwafundisha watu wazima maandishi ya kubuni. Maneno waliyojifunza kwa herufi na sauti yaliamsha upande wa kushoto. Waliyokariri kama umbo zima yaliamsha wa kulia. Kadi zako zinazoesha upande usiotakiwa.

Sauti kabla ya neno, basi. Dakika 15 kila siku. Anza na a, e, i, o, u, kisha m, s, l, n, kwa sababu sauti zake zinavutika: mmmm-aaa, ma. Herufi m iite "mmm", usiseme "em", maana em na a haviungani kuwa ma. Za kukatika kama t, k na b zifuate baadaye.

Akichanganya b na d usimchape. Kikombe kikigeuzwa mkono kushoto au kulia ni kikombe kilekile, na macho yake yamezoea hivyo tangu uchanga. Fundisha b peke yake wiki mbili: mwagia unga kwenye sinia, achore kwa kidole, fimbo kwanza kisha tumbo, huku akitamka. Ikishika ndipo ulete d, ukianza na tumbo.

Kila Jumamosi mwandikie maneno matano yasiyo na maana: LISAMO, NUMELA, SOLINA. Akiyasoma bila kubahatisha, ingiza mb, nd, ny na ng'.