Kabla shule yenu haijapokea kapeti la uwanja, kaeni kwanza mpige hesabu

Tangu tuambiwe AFCON 2027 inakuja huku kwetu Tanzania pamoja na Kenya na Uganda, magrupu ya WhatsApp ya waliosoma shule za Tanga yamechangamka, mtu anatupia picha ya uwanja wa nyasi bandia kijani inawaka, chini anaandika "wadau na sisi tunaweza", basi michango inaanza. Mimi nipo kwenye kamati ya uwanja ya sekondari moja ya serikali hapa mjini, tumeshapitia ofa za kila aina, kwahiyo naandika kwa ajili ya kamati ambazo ndo zinaanza na hela bado ipo.

Tuelewane kwanza, sina ugomvi na kapeti, yani hizo nyasi bandia. Nyamagana pale Mwanza limewekwa, Kaitaba Bukoba limewekwa, watu wamecheza ligi na maisha yanaendelea. Ila ile ni viwanja vya mashindano. Shule ya serikali inaishi kwa ruzuku ya uendeshaji ambayo humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani na bili ya umeme, sasa wewe niambie hela ya kubadilisha kapeti inatoka fungu gani. Maana linabadilishwa, hilo watu hawasemi. Kapeti zuri linalotunzwa linaishi kama miaka 8 mpaka 10. Wenzetu Marekani shule zao za sekondari za umma zinatandika uwanja mmoja kwa gharama ambayo mara nyingi inagonga dola milioni 1, na baada ya miaka kumi hivi wanarudi tena kwa walipa kodi wao kuomba hela ya kung'oa na kutandika upya. Sisi tutarudi kwa nani?

Ofa iliyotusumbua sana sisi ilikuwa kapeti la mtumba kutoka Ulaya, "bure kabisa, nyie mnalipa usafiri tu". Bure hiyo jamani ina mambo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kuhusu plastiki ndogondogo, na zile punje nyeusi za mpira zinazomwagwa katikati ya nyasi, ambazo nyingi ni matairi yaliyosagwa, zitapigwa marufuku kuuzwa kwao kuanzia Oktoba 2031. Na kutupa kapeti lililochoka kule ni gharama, uwanja mmoja mchanga na mpira wake unapita tani 100. Kwahiyo mwenye kapeti bovu ana kila sababu ya kukuonea huruma wewe wa Tanga.

Sampuli ililetwa kwenye kiroba, kipande cha kukalia mtu mmoja. Kwa juu safi, kila mtu anakipapasa anatabasamu. Mzee mmoja wa kamati, amestaafu kushona viti vya magari, akakichukua akakigeuza, akauvuta uzi mmoja kwa kucha ukapasuka nyuzi nyuzi, akasugua tena pale pale, vidole vikabaki na unga wa kijani. Akakirudisha mezani taratibu akasema, "Mgosi, hizi nyasi zimeshacheza mpira wao." Kikao kilicheka wee lakini mjadala ndo uliishia hapo.

Kama bado mnataka kuendelea, basi ombeni sampuli iliyokatwa golini au pale kwenye penati, msikubali ya pembeni ambako hata lainzmeni alikuwa hapiti. Ulizeni lilitandikwa mwaka gani, na ulizeni kwa maandishi nani analipa ushuru, winchi na malori kutoka bandarini. Halafu muulize swali ambalo mfadhili wetu alilikwepa kabisa, chini kunawekwa nini. Kapeti ni kitu cha mwisho kabisa, linalalia juu ya tabaka za kokoto zilizosawazishwa na kushindiliwa, na mitaro ya kutoa maji, hapo ndo hela nyingi inapozama. Ukilitandika juu ya udongo wetu huu, masika moja tu ya Machi mpaka Mei, utakuta limevimba kama chapati na mishono imeachia (yanakuja marola ya upana wa mita 4, yanaungwa kwa gundi na mishono, na huko ndo kifo kinapoanzia).

Na joto. Chuo cha Brigham Young kule Utah walipima mwaka 2002, uso wa nyasi bandia siku ya jua kali ulifika nyuzi joto 93. Wakamwagia maji ukapoa, lakini ndani ya dakika 20 joto karibu lote lilikuwa limesharudi. Sasa fikiria saa nane mchana hapa kwetu, jua la Januari, na nusu ya timu inacheza peku. Watoto wetu wengi hawana njumu, anayo mmoja anaazima mwingine kipindi cha pili. Kwenye ukoka wanacheza peku bila shida, kwenye kapeti wataungua nyayo, na akiteleza anabanduka ngozi ya paja.

Sisi tuliamua hela iende ardhini. Ushauri wangu wa kwanza kwa kamati yoyote, kabla hujaita mkandarasi, nenda kasimame uwanjani asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, piga picha kila dimbwi. Hizo picha ndo ramani yako. Kwetu lilikuwa moja kubwa katikati na lingine goli la upande wa bahari, na vijana walikuwa wanalifukia kwa mchanga kila mwaka, mchanga unaondoka na maji. Dawa ilikuwa greda kuupa uwanja mgongo, katikati juu, pembeni chini. Hesabu yake rahisi, kwa uwanja wa upana wa mita 68, kutoka katikati mpaka mstari wa pembeni ni mita 34, ukitaka mteremko wa asilimia 1 basi katikati pawe juu kwa sentimita 34. Ukiwa unacheza huoni kabisa kama kuna mlima. Halafu mtaro kuzunguka, na mtaro uwe na pa kwenda, maana nimeona mtaro mzuri sana unaoishia ukutani. Mkandarasi msimlipe yote mpaka mvua imenyesha mkaona wenyewe, Tanga yetu waja leo waondoka leo, na yeye akishaondoka ndo basi.

Ukoka tulipanda vipandikizi mwanzo wa mvua, watoto wanachimba vishimo kwa mistari, na ukipata maji unafunika uwanja wenyewe baada ya miezi miwili mitatu. Ila lazima uwanja ufungwe, yani hakuna mechi, hakuna bonanza, hakuna mbuzi wa jirani. Hili ni gumu kuliko greda. Kisima chetu kina chumvi kidogo, ukoka hauna shida nayo, ndo uzuri wake huku pwani. Usipandwe chini ya mwembe tu, hautaki kivuli. Na mkate kwa mashine, msiwape wanafunzi waliochelewa namba mafyekeo kama adhabu, fyekeo linaparura mpaka udongo. Kila mkikata msitoe zaidi ya theluthi moja ya urefu.

Kama kuna mtu ana hela na moyo wake upo kwenye kapeti tu, mpelekeni kwenye kiwanja kidogo. Uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Kiwanja cha 40 kwa 20 ni 800. Yani kwa eneo la uwanja mmoja unapata karibu viwanja tisa vya watu watano watano, na hata likichoka kubadilisha hicho kimoja unaweza kuitisha harambee. Kiwekwe sehemu inayopata kivuli cha jengo kuanzia saa kumi.

Wasichana nao. Kwenye vikao vyote tulivyoanza navyo hakuna aliyetaja netiboli mpaka ticha wao alipouliza kama wao wanachangia kitu gani. Kiwanja cha netiboli cha zege ni cha bei ndogo mno ukilinganisha na mpira wa miguu, na chumba cha kubadilishia chenye mlango unaofungwa na bomba la maji kiliongeza wanaokuja mazoezini kuliko jezi mpya tulizogawa kabla ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya sekondari.

Mwisho ni ufunguo. Uwanja ukishakuwa mzuri tu kila mtu anautaka, veterani, makampuni, watu wa ndondo, na kukataa wakubwa ni kazi. Kwetu ufunguo anao ticha wa michezo, daftari lipo kwa mkuu wa shule, na veterani wa Jumapili hawalipi pesa taslimu, wanaleta mfuko wa mbolea ya Urea na petroli ya mashine ya kukatia nyasi. Wasipoleta geti halifunguliwi, hata awe nani.